Siki ya Mekoni

Mtungi wa siki ulikaa juu ya meko, pembeni kabisa karibu na ukuta, mahali ambapo joto la moto hufika likiwa limekwisha kupoa. Ulikuwa mfupi, wenye tumbo kubwa na shingo nyembamba, na ubavuni ulitoka mrija mdogo wa kumiminia, umechongoka kama mdomo wa bata. Shingo yake ilizibwa kwa kishada cha majani ya msonobari. Kila nyumba ya zamani pale Sangju iliwahi kuwa na mtungi wa namna ile, na kila mama wa nyumba, akipita na kuni au na ndoo, aliushika shingoni, akautikisa kidogo na kuuambia, "Siki, siki, kaa nami." Siki isiyosemeshwa huchoka, walisema, halafu hufa.

Mama mkwe wa Deok-im hakusema "siki". Alisema jina la mwanawe.

"Gil-su, Gil-su, kaa nami."

Gil-su ndiye aliyekuwa mume wa Deok-im. Vuli ile ya mwisho alipanda mwenyewe kwenye mti wa gam, tunda tamu la rangi ya chungwa, ulioko nyuma ya nyumba, akachuma matunda yaliyoiva mpaka yakawa laini kama utosi wa mtoto, akayaponda kwa mikono yake na kuyajaza kwenye mtungi. Barafu ilipoanza kushika madimbwi, akafunga mzigo na kwenda kwenye machimbo ya makaa ya mawe huko Taebaek. Alisema angerudi mwaka mpya. Hakurudi. Walipokwenda kumuulizia, chimbo moja lilisema halimjui. Jingine likasema alikuwepo, alifanya kazi vizuri, na siku moja alipokea mshahara wake akashuka bondeni. Hakuna aliyemwona tena, si mzima wala maiti.

Mama mkwe alirudi kutoka safari ile. Akaingia jikoni, akamimina siki kidogo kwenye kiganja, akailamba. Uso ukamkunjamana kwa ukali.

"Bado iko hai," akasema. "Mwanangu yuko hai."

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba, ingawa hakuna aliyeitangaza. Kila vuli waliongeza maji ya gam mpya, na mtungi haukuachwa ukauke hata mara moja. Deok-im alimlea binti yake, Hyang-mi, peke yake. Alikuwa shemasi kanisani, mtu wa sala ya alfajiri, wa kwanza kufika na wa mwisho kuinuka kwenye mto wake wa kupigia magoti. Hakuwahi kuusemesha mtungi. Kusemesha udongo ni mambo ya kina bibi wa kale, na yeye alikuwa na Mungu wa kusema naye. Hata hivyo kila alfajiri alimwomba Mungu amrudishe Gil-su, na kila aliporudi nyumbani, kabla hajavua kitambaa chake cha kichwa, alitupa jicho mekoni.

Mama mkwe alifariki Januari. Siku ile Hyang-mi alikuwa amekuja kutoka Daegu kuleta habari kwamba amechumbiwa. Alasiri Deok-im alimsindikiza binti yake hadi kituo cha basi, na aliporudi, akiwa bado uani, akasikia mnong'ono kutoka jikoni. Ulikuwa mnong'ono wa chini, wa haraka, usiovuta pumzi, kama mtu anayesema siri nyingi kwa wakati mmoja. Alidhani mama mkwe anausemesha mtungi, kama kawaida. Kisha akakumbuka kwamba mama mkwe hajatoka kitandani tangu mwanzo wa baridi.

Alimkuta sakafuni mbele ya tundu la moto, mikono imejaa majivu hadi viwikoni. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona. Na mnong'ono ule ulikuwa ukiendelea. Haukutoka kinywani mwa bibi. Ulitoka mtungini.

Jua halikuwa limezama alipokata roho. Walimwosha, wakamsafisha majivu, wakasema maskini aliteleza akitaka kuota moto. Watu walipotaka kuweka pamoja vitu vyake, kijiko chake cha shaba cha kulia wali hakikuonekana. Walipekua nyumba nzima, wakakata tamaa. Deok-im aliona pia kwamba kishada cha msonobari kimewekwa kichwa chini miguu juu. Akakigeuza, na kwa majuma mengi hakuugusa mtungi ule tena.

Lakini mtungi haukunyamaza. Mara kwa mara, akiwa ameinama anaosha mchele, jiko likiwa kimya, aliusikia nyuma ya mgongo wake. Mnong'ono ule ule, wa chini, wa haraka. Akigeuka, kimya. Alianza kupika huku akiimba tenzi za kanisani kwa sauti, ubeti juu ya ubeti, bila kuacha nafasi katikati, na jirani akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta, "Shemasi, leo umeamua kuwaombea hata kuku wangu?"

Alicheka, akaendelea kuimba.

Machi ilipoingia, Hyang-mi alipiga simu.

"Mama, kadi za harusi zinapigwa chapa Jumatatu. Wakwe wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Mama, unajua wanachouliza."

Deok-im alijua. Kwenye kadi huandikwa jina la baba na jina la mama, kisha jina la bibi harusi. Baba akiwa amekufa, mbele ya jina lake huwekwa neno moja dogo, *marehemu*. Ni neno dogo tu, lakini kila mgeni hulitafuta kabla hata hajasoma tarehe.

"Usipoliweka," Hyang-mi akasema, "watamtafuta kwenye kiti cha wazazi. Watauliza yuko wapi. Nitawajibu nini mbele ya watu wote wale?"

"Na tukiliweka, halafu akarudi?"

"Nitakuja Jumamosi," Hyang-mi akasema. "Uniambie uso kwa uso."

Usiku huo na mchana uliofuata neno lile halikumtoka Deok-im kichwani. Kuliandika ilikuwa ni kumzika mtu ambaye mama yake, hadi siku ya kufa, alisema yuko hai. Na ushahidi wa bibi ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa pale mekoni. Ikiwa siki bado iko hai, mkono wake ungewezaje kuandika vile? Ikiwa imekufa, basi. Aliona aibu kuwaza hivyo, mtu aliyeokoka. Lakini aliwaza.

Tatizo ni kwamba hangeweza kuionja. Homa kali ya mwaka juzi ilimwachia uhai ikamnyang'anya pua na ulimi. Tangu hapo alipika kwa kukumbuka. Chumvi yake ilikuwa ya kubahatisha, na kimchi yake, ile kabichi ya kuchachua kwa pilipili, kwa maneno ya wanafunzi wenzake wa darasa la jioni, ilikuwa ya kumtoa mtu machozi ya toba. Siki na maji kwake vilikuwa kitu kimoja.

Wanafunzi wenzake walikuwa wanawake wa umri wake, wale waliotolewa shule wakiwa wadogo ili wabebe wadogo zao mgongoni. Walisoma jioni kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la mbegu, chenye jiko la makaa katikati na madawati yaliyotengenezwa kwa watoto, kiasi kwamba magoti hayakuwa na mahali pa kwenda. Deok-im alilipenda lile dawati kuliko kiti chochote alichowahi kukalia. Kabla ya kila somo alifumba macho akamwomba Mungu amfungue kichwa, na baada ya somo alirudia maneno mapya njiani kama mtu anayekariri zaburi. *Tindikali. Tindikali. Tindikali.*

Mwalimu wao wa sayansi, Pyo, alikuwa kijana wa idara ya maji ambaye alifundisha jioni bila malipo. Juma lile aliwaambia walete vimiminika vya nyumbani, chochote kile, kwenye kichupa. Yeye angeleta maji ya kabichi ya zambarau, nayo yangewaambia tabia ya kila kimiminika.

Ijumaa kabla ya kutoka, Deok-im alisimama mbele ya meko. Hakuimba. Aliuinamisha mtungi polepole, bila kuutikisa, na kupitia ule mrija kikatoka kimiminika cheusi kidogo, kisafi, kikajaa kichupa cha dawa ya kifua. Alipouinamisha alisikia kitu kikigonga ndani mara moja, *kong*, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Akaurudisha haraka.

"Bwana," akasema, "usinihesabie hili kuwa uganga. Ni kazi ya nyumbani tu."

Darasani kulikuwa kama sokoni. Juu ya dawati la mbele yalipangwa mabakuli madogo meupe, kila moja na maji ya kabichi ya rangi ya zambarau. Mama Sang-gu, aliyekuwa akikaa jirani na Deok-im, alikuwa wa kwanza.

"Mimi nimeleta pombe ya mchele ya mume wangu," akasema. "Nimeikuta chini ya gunia la viazi."

"Anajua umeichukua?" mwalimu akauliza.

"Nikirudi atajua."

Alipomimina, zambarau ikageuka waridi.

"Chachu," mwalimu akasema. "Ina tindikali kidogo."

"Kidogo?" akasema Mama Sang-gu. "Basi si pombe iliyo chachu. Ni yeye."

Wakacheka hadi madawati yakalia. Maji ya kimchi yakageuza bakuli jekundu. Maji ya kuoshea mchele hayakufanya lolote, zambarau ikabaki zambarau. Maji ya sabuni ya kufulia yakaleta kijani.

"Andikeni," mwalimu akasema. "Kichachu kinaleta wekundu. Vitu vya jamii ya magadi na sabuni vinaleta kijani. Kisicho huku wala kule kinaiacha zambarau kama ilivyo. Haya, nani tena? Mama Hyang-mi?"

Deok-im akasimama na kichupa chake.

"Ni siki," akasema. "Siki ya gam. Ya zamani. Ya mama mkwe."

"Aa, ile ya kusemeshwa," akasema mwanamke mmoja wa nyuma. "Bibi yangu alikuwa akiibembeleza kuliko babu."

"Mwalimu," Deok-im akauliza, "siki ikifa, itakuwa rangi gani?"

Mwalimu Pyo alilifikiria swali kwa heshima. Hiyo ndiyo sababu walimpenda.

"Siki ikizeeka sana ukali hupungua. Ikifikia kuwa kama maji tu, zambarau itabaki. Ikiwa bado nzima, itageuka nyekundu kuliko hata ile kimchi."

Nyekundu, yuko hai. Zambarau, hayuko. Deok-im alisema kimoyomoyo, *Mapenzi yako yatimizwe*, akamimina.

Mwanzoni ilionekana kama haitageuka kabisa. Kisha pale kimiminika kilipogusa, pakatokea uzi wa buluu, buluu ikatandaa, na bakuli zima, mbele ya macho yao, likawa kijani. Kijani ya kinamasi, ya maji yaliyolala.

Hakuna aliyecheka.

"Umechanganya chupa, Mama Hyang-mi," mwalimu akasema kwa upole. "Haya ni maji ya sabuni."

"Nimeimimina mwenyewe kutoka mtungini."

Alichukua kichupa, akanusa, uso wake ukabadilika kidogo.

"Kweli, inanuka gam. Lakini si siki." Akakwaruza kidevu. "Siki haiwezi kufika hapa kwa uzee. Kwa uzee ingeishia kwenye zambarau. Ili ifike kijani lazima kuna mtu ametia kitu. Magadi, au majivu. Majivu mengi."

"Mtu," Deok-im akasema.

"Haijitii yenyewe. Ngojeni niwaonyeshe."

Alitwaa siki ya dukani, akaimimina kwenye bakuli jipya, likawa jekundu kama pilipili. Kisha akachota magadi kwa ncha ya kijiko, akayadondosha ndani.

Bakuli likanong'ona.

Povu lilipanda, na sauti ile ikajaa chumbani, ya chini, ya haraka, isiyovuta pumzi, kama mtu anayesema siri nyingi kwa wakati mmoja. Mwalimu akaongeza kijiko, na kingine. Nyekundu ikawa zambarau, zambarau ikawa buluu, buluu ikaanza kuwa kijani. Kisha kimya.

"Hapo sasa imekufa," mwalimu akasema.

Deok-im alikaa. Dawati lilikuwa dogo, magoti yakagonga ubao kwa nguvu lakini hakuhisi. Mama Sang-gu akamshika bega.

"Mama Hyang-mi, umekuwa mweupe kama karatasi. Umekula kweli?"

"Nimekula."

"Umekula kimchi yako? Basi ndiyo maana."

Deok-im alitabasamu kwa sababu rafiki yake alitaka atabasamu. Lakini masikio yake yalikuwa yamebaki mbali, uani, siku ile ya Januari. Alisikia mnong'ono huu huu. Siku ile ile mtu alikuwa ametia majivu mtungini; mama mkwe, asiyeweza hata kusimama, hakumfikiria. Na jikoni siku ile, kabla ya kwenda kituoni, ni nani aliyeingia kuosha vyombo? Ni nani aliyetaka lile neno dogo liandikwe?

Alijaribu kuomba njiani. Maneno hayakuja. Lilikuja jina la binti yake tu.

Hyang-mi alifika Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuyeyusha barafu ya paa. Alikuwa na bahasha ya mfano wa kadi na mkate wa maharagwe kutoka Daegu. Hakupata hata nafasi ya kuvua viatu.

"Siku ile bibi yako alipoanguka," Deok-im akasema kutoka mlangoni pa jiko, "ulitia nini kwenye mtungi?"

"Mtungi gani?"

"Unaujua."

"Wa siki? Mimi?" Hyang-mi akaweka mkate chini. "Mama, mimi tangu utotoni nauogopa mtungi ule. Naupita mbali kama ninavyompita mbwa."

"Uliosha vyombo."

"Niliosha vyombo. Bakuli tatu, sufuria moja. Unataka niape? Niletee Biblia yako."

"Usicheze na Biblia."

"Sichezi. Ni wewe unayenitazama kama mwizi." Akavua kiatu kimoja. "Kumetokea nini?"

Deok-im alimweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho: kijani, magadi, mnong'ono, majivu. Alieleza hata yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba mtungi unasema naye, na kwamba tenzi zake si za furaha. Hyang-mi alisikiliza akiwa amesimama na kiatu kimoja mkononi.

"Bibi aliniuliza kuhusu kadi," akasema hatimaye.

"Lini?"

"Siku ile. Ulikuwa umeenda nyuma kutoa nguo kwenye kamba. Aliniita, akauliza kadi itaandikwaje. Nikamwambia Mama hataki kusikia habari ya lile neno. Nikamwambia Mama anasema Bibi anasema baba yuko hai."

"Ulimwambia hivyo?"

"Aliniuliza, Mama. Ningemdanganya?" Alikaa kwenye ukingo wa baraza. "Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, 'Mama yako amekaa nami miaka mingi kuliko aliyokaa na mumewe.' Akaniuliza kama nimekula. Akanipa gam kavu za kula njiani. Ni hayo tu."

Deok-im aligeuka. Aliingia jikoni, akaushika mtungi kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akautikisa. *Kong*, ndani kukagonga. *Kong*.

Waliutoa uani, wakaondoa kishada cha msonobari na kuupindua juu ya beseni. Kwanza kikatoka kile kimiminika cheusi. Kisha tope la kijivu, zito, likadondoka vipande vipande kama uji uliolala. Halafu kikakwama kitu shingoni. Hyang-mi, mwenye vidole vyembamba, akaingiza viwili na kukivuta.

Kilikuwa kijiko cha shaba. Mpini wake ulikuwa umeota kutu ya kijani, lakini ile ncha iliyolika upande mmoja, kwa miaka yote ya kukwangua ukoko wa wali, ilikuwa ya mtu mmoja tu.

"Cha Bibi," Hyang-mi akasema.

Deok-im alikaa chini palepale, kwenye baridi ya ardhi. Aliona yote bila mtu kumweleza. Mwanamke asiyeweza kwenda msalani bila kushikwa mkono, alikuwa amejiburuta hadi mlangoni, akateremka ile ngazi ndefu ya jikoni, ambayo hata yeye Deok-im huishuka akishika ukuta. Akapiga magoti mbele ya tundu la moto. Akachota majivu kwa kijiko chake cha wali, akanyoosha mkono juu ya meko, akayatia kwenye shingo nyembamba, na mtungi ukalia. Akachota tena. Ukalia tena. Alichota mpaka kijiko kikamtoka na kutumbukia ndani, akaziba shingo kwa kishada alivyoweza. Kila mwanamke wa kizazi chake alijua kwamba majivu na siki havikai pamoja, na yeye mwenyewe aliwafokea wengine miaka yote kwa kuweka ndoo ya majivu karibu. Alijua alichokuwa akikiua. Yeye ndiye aliyekibembeleza. Hakutaka mtu mwingine akiue.

"Mimi nilidhani ananisema," Deok-im akasema. "Miezi hii yote. Nilidhani amekataa kuondoka ili anichunge, nisije nikaliandika."

Hyang-mi alimkumbatia kwa nyuma, na mkono wake wenye tope la majivu ukaacha alama kwenye koti la mama yake. Deok-im alilia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Hakumlilia mama mkwe kwanza. Alimlilia Gil-su. Asubuhi ile ya barafu, alipofunga mzigo, mama yake ndiye aliyemshika mkono na kumsihi. Mke mdogo hashiki mkono wa mumewe mbele ya mama mkwe, kwa hiyo Deok-im alisimama nyuma na mtoto mgongoni, akasema, "Nenda salama." Yale maneno mengine hakuwahi kuyasema. Yalisemwa kila siku nyumbani mwake, na mtu mwingine.

Baadaye Hyang-mi alifungua bahasha na kuweka kadi ya mfano juu ya baraza. Mbele ya jina la Seo Gil-su palikuwa na nafasi tupu, upana wa punje ya mchele.

"Mama?"

"Andika."

"Una hakika?"

"Bibi yako ameshaandika. Sisi tunanakili tu."

Hyang-mi alichukua kalamu akaliandika lile neno taratibu, akapuliza wino ukauke, wakalitazama wote wawili. Halikuwa kubwa kama Deok-im alivyohofia. Lilikaa mbele ya jina lake kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango.

Kisha Hyang-mi akaenda kisimani kuosha kijiko kwa mchanga, na Deok-im akasafisha mtungi kwa maji mara nyingi, akauinamisha juu ya ukuta ukauke juani. Akaingia jikoni kupika chakula cha mchana. Juu ya meko palibaki duara jeusi pale mtungi ulipokaa miaka yote. Akawasha moto, akaosha mchele, akafunika chungu.

Na nyuma ya mgongo wake, mnong'ono ukaja.

Ule ule, wa chini, wa haraka. Mwalimu Pyo alionyesha vizuri: majivu yakigusa siki, sauti hutoka, na ikiisha imeisha, haidumu hata muda wa kuimba ubeti mmoja. Ile ya siku ile alikuwa ameielewa. Lakini hizi nyingine zilizofuata hakuna bakuli lililozieleza, na sasa mtungi haumo hata chumbani.

Wimbo ulimfika kooni. Akauzuia. Aligeuka, akasimama akilitazama lile duara jeusi ana kwa ana, mikono ikidondosha maji ya mchele.

"Nimesikia, Mama," akasema. "Tumeandika. Upumzike."

Akangoja. Kisha, kwa sauti ambayo hata Hyang-mi kule kisimani hangeisikia, akaongeza kile ambacho hakuwahi kumwambia mtu wala mtungi.

"Gil-su. Nilitaka ukae nami."

Alisimama hapo, akisikiliza, mpaka chungu kilipoanza kuchemka na sauti ya wali ikajaza jiko lote.